Picha ya Bethesda

Kila asubuhi nikienda kazini, hapa Maryland, napita iliyokuwa hospitali ya wanamaji ya Bethesda. Kazi yangu ni kuwapiga wanawake eksirei za matiti. Kwangu mimi kazi hii ilianzia pale, Septemba 28, 1974, ingawa siku hiyo nilikuwa mtoto Tanga.

Ndipo Betty Ford, mke wa Rais wa Marekani, alipokatwa titi. Hata miezi miwili Ikulu hakuwa ametimiza. Nixon, rais aliyemtangulia mumewe, alikuwa amejiuzulu Agosti, watu wamechoshwa na siri za serikali, na akina Ford wakaamua kusema wazi. Magazeti yakaandika titi, yakaandika saratani, yakaeleza mwanamke ajipapase vipi kutafuta uvimbe. Siku chache baadaye ikapigwa picha: Betty na mumewe hospitalini, wakisoma waraka uliotiwa saini na maseneta wote 100. Nimeitazama mara nyingi. Naamini iliwagusa wanawake kuliko maelezo ya daktari yeyote, maana aliyekatwa titi alionekana yu hai, na mume yupo.

Kliniki zikajaa. Happy Rockefeller, ambaye mumewe Nelson alikuwa ameteuliwa kuwa Makamu wa Rais, alijipapasa baada ya kusikia habari ile, akakuta uvimbe. Oktoba naye akapasuliwa. Hesabu za wagonjwa wapya nchini zikapanda ghafla, kisha zikashuka. Ugonjwa haukuwa umezidi. Uliokuwa umejificha ndio ulioonekana.

Shirley Temple Black, aliyekuwa nyota wa filamu utotoni, alitangulia, na sipendi asahauliwe. Mwaka 1972 aliwaita waandishi wa habari hospitalini akawaambia yaliyompata. Yeye alikataa desturi ya wakati ule, mgonjwa kulazwa usingizi kwa ajili ya kipimo na kuamka titi halipo; alitaka majibu kwanza, kisha aamue mwenyewe. Somo hilo la pili lilichelewa kufika kwa wengi.

Tanga, shangazi yangu alikuwa na redio ya mbao aliyoifungulia tangu alfajiri. Alijua bei ya mkonge, alijua salamu za nani zimetoka wapi. Neno titi sikulisikia humo hata siku moja. Alikaza kanga kifuani miaka miwili, akisema ni jipu. Alipofariki mwaka 1978 tulipeleka tangazo redioni, likasomwa jioni baada ya taarifa ya habari: ameaga dunia baada ya kuugua kwa muda mrefu.