Asidi huamua iwapo uyoga utashiba au utakufa njaa

KWA miaka mingi, wakazi wa Muthara, Tigania Mashariki katika Kaunti ya Meru, wametegemea miraa. Hatari ya kutegemea zao moja ilidhihirika Uholanzi ilipopiga marufuku zao hilo mwaka wa 2013, nayo Uingereza ikafuata Juni 2014.

Miongoni mwa mazao yanayoweza kuwapa wakulima kipato cha ziada ni uyoga, ambao hukuzwa kibandani kwa mabaki ya shamba kama vile magunzi ya mahindi, makapi ya maharagwe na majani makavu ya migomba. Hata hivyo, mabaki yenye kiwango cha asidi kisichofaa humtia mkulima hasara kabla hajavuna hata kilo moja.

Sababu ni namna uyoga unavyokula. Tofauti na mahindi, uyoga hauwezi kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Nyuzi zake hutoa vimeng'enya, yaani protini zinazovunjavunja mabaki hayo, kisha hufyonza sukari inayopatikana.

Asidi hupimwa kwa kipimo cha pH, kinachoanzia 0 hadi 14. Saba si asidi wala alikali. Kila hatua moja ni tofauti ya mara kumi: mabaki yenye pH 5 yana asidi mara kumi zaidi ya yale yenye pH 6.

Kiwango hicho huathiri vimeng'enya kwa njia mbili. Kwanza ni uzalishaji. Kuvu hutambua asidi iliyo katika mazingira yake, na kwa mujibu wake huwasha au kuzima jeni zinazotengeneza vimeng'enya. Katika kuvu iitwayo Aspergillus nidulans, kazi hiyo husimamiwa na protini inayojulikana kama PacC.

Pili ni utendaji. Umbo la kimeng'enya hushikiliwa na chaji za umeme, na asidi inapopita kiasi chaji hizo hubadilika, umbo likaharibika na kazi ikakwama.

Mfano mashuhuri ni Aspergillus niger. Mwaka wa 1917, Mmarekani James Currie alionyesha kwamba kuvu hiyo hutoa asidi ya sitriki kwa wingi inapokuzwa katika mchanganyiko wenye asidi kali. Katika pH ya karibu 2, kimeng'enya ambacho kingeigeuza sukari kuwa asidi nyingine hakifanyi kazi.

Uyoga mamama, ambao wanasayansi huuita Pleurotus ostreatus, hukua vyema katika pH ya takriban 5.5 hadi 6.5. Hutoa lakase na peroksidasi ya manganizi ili kuvunja lignini, ile sehemu ngumu ya mimea, na selulasi ili kuvunja selulosi. Vingi vya vimeng'enya hivyo hupendelea asidi ya wastani. Uyoga wenyewe hutoa asidi ya oksaliki, hivyo pH hushuka kadiri nyuzi zinavyoenea.

Ndiyo maana baadhi ya wakulima huloweka mabaki katika maji ya chokaa kwa saa 12 hadi 24 kabla ya kupanda. Alikali hiyo huzuia ukungu wa kijani, Trichoderma, ambao hustawi penye asidi. Baada ya maji kuchujwa, uyoga hurekebisha hali wenyewe polepole. Chokaa ikizidi, nyuzi huchelewa kuenea.

Uyoga mweupe wa mviringo, Agaricus bisporus, una hitaji tofauti. Udongo unaoufunika wapaswa kuwa na pH ya karibu 7.5, ilhali udongo wa nyanda za juu zenye mvua nyingi mara nyingi huwa na asidi, na hivyo huhitaji chokaa.

Kupima si kazi ngumu. Mkulima hukamua mabaki yaliyolowa, huchovya karatasi ya kupimia pH katika maji yanayotoka, kisha hulinganisha rangi na jedwali lililo kwenye pakiti. Ni vyema apime kabla ya kutia mbegu, kwa kuwa mfuko ukishashikwa na ukungu wa kijani huwa vigumu kuuokoa.