Regilateri ya gari ya zamani: historia ya mpaka wetu ndani ya kisanduku

Mliomaliza na mlio bado kwenye viti vya chuo, leo tuzungumze juu ya kisanduku kidogo kinachokaa karibu na moteri: regilateri.

Coccinelle, Land Rover na Peugeot 404 za kwanza zilitoka kiwandani na dinamo. Dinamo ina matata mawili. Moteri ikienda polepole, batri inaweza kurudisha umeme wake ndani ya dinamo na kuisha. Moteri ikikimbia, volti zinapanda, batri inachemka, balbu zinaungua. Regilateri inazuia yote mawili. Ndani mna koili za waya wa shaba na vidole vya chuma vinavyogusana na kuachana mara nyingi kwa sekunde moja. Koili moja inakata njia ya kurudi, nyingine inabakiza volti kwenye 14 na kitu, kama gari ni ya volti 12.

Sasa kisanduku hicho kilifikaje Uvira? Mkataba wa 1921 uliwapa Wabelgiji sehemu zao bandarini Dar es Salaam na Kigoma. Mzigo ulipanda treni mpaka Kigoma, kisha meli mpaka kaskazini ya ziwa. Usumbura na Uvira zote zilikuwa chini ya Wabelgiji. Julai 1962 Burundi ikajitawala, na ng'ambo ya Kavinvira ikawa nchi nyingine kabisa. Kisha tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu akatangaza zaïrianisation. Maduka ya wageni yakapewa wenyeji, mengi yakabaki na rafu tupu. Kipuri kikikosekana, fundi anafanya nini? Anafungua kisanduku, anasugua vidole kwa msasa, anakunja kispringi kidogo kidogo huku akipima volti. Ufundi ule ulikuwa jibu kwa siasa, si umaskini wa akili.

Huko nje mambo yalibadilika. Mwaka 1960 Chrysler iliweka alternateri kwenye Valiant. Diodi zake zinazuia umeme kurudi, kwa hiyo kazi moja ya regilateri ikaisha. Baadaye regilateri ikawa ya elektroniki, ikaingia ndani ya alternateri yenyewe. Ile haifunguliwi: ikifa, inatupwa.

Ndiyo maana anayebadilisha regilateri ya gari ya zamani lazima ajue historia. Volti 6 au 12? Coccinelle nyingi zilihamia 12 kwenye modeli za 1967. Dinamo au alternateri? Bodi imefungwa kwenye minus au plus, kama Land Rover nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960? Ukikosea jibu moja tu, kisanduku kipya kinaweza kuungua siku hiyohiyo. Na kabla ya yote, toa waya wa batri, andika kila waya ulikotoka.

Shida yetu ni hii: ujuzi huo uko mikononi mwa wazee wa garage, haumo kwenye kitabu chochote cha maktaba zetu. Sisi tulifundishwa kuandika TFC na mémoire. Basi chukua daftari, kaa na fundi mmoja wa mtaani kwako, andika anavyokunja kile kispringi. Siku barabara itakatika au mpaka kufungwa, kisanduku cha kutupa hakitatusaidia.