Kutoka Kibaba Hadi Kilo: Historia ya Vipimo na Afya ya Mtoto Wako

(Muziki wa kipindi unapungua taratibu)

   Leo nitaanza kwa kukuomba ufanye jambo dogo. Nenda jikoni, chukua vijiko vyote vya chai ulivyo navyo, uviweke mezani. Je, vinalingana? Kimoja kina kina kirefu, kingine ni bapa, kingine ni cha zawadi ya harusi. Vyote tunaviita kijiko cha chai.

Mwaka 2010 watafiti wa Ugiriki walichapisha matokeo ya kupima vijiko 71 vya chai kutoka nyumba 25. Kijiko kidogo kabisa kilibeba mililita 2.5. Kikubwa kabisa kilibeba mililita 7.3. Kwa hiyo watoto wawili wakiandikiwa dawa ile ile, "kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni", mmoja angeweza kupata karibu mara tatu ya mwenzake. Na kila mama angeapa kwamba amefuata maagizo.

Tatizo hili halikuanza na wewe. Lina historia ndefu, na leo nataka tuitembee pamoja, kwa sababu ukijua vipimo vilikotoka utajua pia pa kuwa mwangalifu.

Zamani za kibaba na pishi

Sote tumelelewa na methali isemayo haba na haba hujaza kibaba. Lakini je, umewahi kukiona kibaba? Kilikuwa chombo cha kupimia nafaka, hasa kule Pwani. Vibaba vinne vilifanya pishi moja. Pishi moja ya nafaka ilikaribia kilo mbili na nusu hadi tatu. Hata leo, wakati wa kutoa zaka ya fitri mwishoni mwa Ramadhani, Waislamu wa Pwani hulisikia neno pishi, na wengi huuliza, "Hiyo ni kilo ngapi?"

Vitu vya kupimwa kwa mizani, kama pembe na karafuu, viliuzwa kwa frasila. Frasila moja ilikuwa ratili 35 au 36, yaani kama kilo 16. Ratili iligawanywa kwa wakia 16. Maneno haya yalitujia na biashara ya Bahari ya Hindi, kupitia Kiarabu.

Urefu ulipimwa kwa mwili. Shibiri ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole kidogo, vidole vikiwa vimetanuliwa. Mkono, au dhiraa, ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Pima ni kutoka ncha ya mkono mmoja hadi ncha ya mwingine, mikono ikiwa imenyooshwa. Vipimo hivi vilikuwa na faida kubwa: mtu hakuvisahau nyumbani. Ubaya wake unaujua. Aliyenunua kitambaa alipenda kupimiwa na mtu mwenye mikono mirefu!

Ratili, galoni na debe

Waingereza walipotutawala walileta vipimo vyao. Ratili yao ni gramu 454 kwa makadirio. Galoni yao ni lita 4 na nusu na ushei. Nguo ikapimwa kwa yadi, na njia kwa maili.

Mafuta ya taa yalikuja katika mikebe mikubwa ya bati iliyobeba galoni nne. Mafuta yakiisha, mkebe haukutupwa. Ndio debe letu. Galoni nne ni lita 18, kwa hiyo bibi zetu waliochota maji kwa debe walibeba kichwani kilo 18 za maji, bila kuhesabu uzito wa bati lenyewe. Wewe na mtungi wako wa plastiki wa lita 20 unabeba zaidi.

Gunia la mahindi nalo lilikuwa la ratili 200. Ukibadilisha unapata kilo 90 na kidogo. Sasa umejua kwa nini gunia letu la mahindi limekuwa la kilo 90, hesabu isiyo ya kawaida, badala ya kilo 100 kamili. Ni ratili za zamani zilizovaa nguo mpya.

Kilo ilizaliwa kwa maji

Wakati huo wote, nchi nyingine zilikuwa zimeanza njia tofauti. Huko Ufaransa, kabla ya mapinduzi, karibu kila mji ulikuwa na vipimo vyake, na mkulima aliweza kupunjwa kwa kuvuka mto tu. Mwaka 1795 Wafaransa walipitisha sheria ya mita, lita na gramu. Wazo lao lilikuwa rahisi: kila kipimo kigawanywe kwa kumi, mia na elfu. Gramu 1,000 ni kilo 1. Mililita 1,000 ni lita 1.

Jambo zuri zaidi ni kwamba uzito waliufunganisha na maji. Lita moja ya maji safi ina uzito wa kilo moja. Likumbuke hili, litakusaidia.

Mwaka 1875 nchi 17 zilitia saini mkataba wa vipimo hivi mjini Paris. Mwaka 1959 hata nchi zilizoshika ratili zilikubaliana kuieleza ratili kwa kilo. Na sisi Wakenya, katika miaka iliyofuata uhuru wa 1963, tuliacha ratili, yadi na maili katika sheria na mashule, tukashika kilo, mita na kilomita.

Lakini sheria hubadilika upesi kuliko sokoni. Debe lipo hadi leo. Gorogoro lipo, mkebe wa kilo mbili za mafuta ya kupikia uliogeuzwa kipimo. Kwa mahindi na maharagwe si neno, mradi wewe na muuzaji mmeuona mkebe na haujabonyezwa tako. Ila usisahau kwamba gorogoro hupima ujazo, haipimi uzito. Kilo mbili zilizoandikwa juu yake zilikuwa za mafuta. Ukijaza unga au maji, uzito si ule ule.

(Muziki mfupi)

Ratili inapojifanya kilo

Mama, huenda unasema, "Haya ni mambo ya wafanyabiashara, mimi nina mtoto anayeharisha." Ngoja nikupe kisa cha kweli. Tarehe 23 Julai 1983, ndege kubwa ya abiria nchini Canada iliishiwa mafuta ikiwa angani. Wakati huo Canada ilikuwa ikihama kutoka ratili kwenda kilo. Ndege ilihitaji kilo 22,300 za mafuta. Waliofanya hesabu walitumia kipimo cha ratili, wakidhani ni kilo. Ndege ikaondoka ikiwa na chini ya nusu ya mafuta iliyohitaji. Kwa ustadi wa rubani ilitua kama tiara katika uwanja wa zamani mjini Gimli, na hakuna aliyekufa.

Sasa tuje nyumbani kwako. Tuseme una mtoto wa kilo 11. Umempima kwa mizani aliyoleta ndugu kutoka Marekani, ambako ratili bado inatumika. Mizani itasoma 24. Wewe unafika kwa muuza dawa na kusema, "Mtoto ana 24." Dawa ya malaria ya mseto hutolewa kwa uzito. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge kimoja kila mara. Wa kilo 15 hadi chini ya 25 hupewa viwili. Mtoto wako atapewa dozi mara mbili, kwa sababu ya neno moja ambalo halikutamkwa.

Kwa hiyo ukitaja uzito, taja na kipimo chake. Ukiwa na ratili, gawanya kwa 2.2 upate kilo. Na bora zaidi, mtoto apimwe kliniki, uzito uandikwe katika kijitabu chake.

Dawa zenyewe zina historia yao. Zamani wauza dawa walipima kwa uzito wa punje ya nafaka. Punje moja ilihesabiwa kama miligramu 65. Kidonge cha aspirini kilikuwa cha punje tano, na ndiyo sababu aspirini nyingi ni za miligramu 300 au 325. Leo tunatumia miligramu na mililita, na majina haya mawili huchanganya wengi. Miligramu ni nguvu ya dawa. Mililita ni wingi wa maji yaliyobeba dawa hiyo. Chupa mbili za dawa ya homa zinaweza kufanana, lakini mililita 5 za moja zikawa na nguvu kuliko mililita 5 za nyingine. Soma chupa uliyo nayo, usikumbuke ya mwaka jana. Tena angalia nukta: 2.5 si 25.

Maji ya chumvi na sukari

Kuhusu kuharisha, dunia ilipiga hatua kubwa mwaka 1968, pale madaktari mjini Dhaka walipoonyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kuokolewa kwa kunywa maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo sahihi. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi kule India, Dakta Dilip Mahalanabis aliitumia njia hiyo dripu zilipopungua, na maelfu wakapona. Siri ilikuwa kipimo.

Niliwahi kukutana na mama aliyemkimbiza mtoto wake kwetu, mtoto analia kwa kiu na macho yameingia ndani. Mama alikuwa ameinunua pakiti ya ORS, akaichanganya yote katika kikombe chake cha chai. "Sikutaka ipotee nguvu," aliniambia. Pakiti ilikuwa ya nusu lita. Kikombe kilikuwa robo lita. Alikuwa akimpa mtoto chumvi mara mbili ya inayofaa, kwa mapenzi mema kabisa. Tulichanganya upya mbele yake, na mtoto akapona. Lakini angeweza kumpoteza. Hakuna aliyemwambia asome namba iliyo nyuma ya pakiti.

Ziko pakiti za nusu lita na ziko za lita moja. Soma kwanza. Kama huwezi kusoma, mwulize muuguzi au muuza dawa akuonyeshe kwa chombo. Chupa ya maji ya dukani ya nusu lita ni kipimo kizuri: ioshe vizuri, ijaze mara moja kwa pakiti ya nusu lita, mara mbili kwa pakiti ya lita moja. Maji yawe safi, yaliyochemshwa na kupoa. Gorogoro na kikombe cha chai viache vifanye kazi zao.

Shibiri na ukanda wa mkono

Turudi kwa shibiri. Shibiri ya mtu mzima ni kama sentimita 23. Nusu yake ni kama 11.5. Namba hiyo ni ya maana sana. Mhudumu wa afya akimzungushia mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ukanda wa rangi kwenye mkono, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu: mtoto ana utapiamlo mkali na anahitaji matibabu upesi. Kutoka 11.5 hadi 12.5 ni manjano. Juu ya hapo ni kijani. Kati ya nyekundu na kijani kuna sentimita moja tu, upana wa kidole. Macho hayawezi kuiona tofauti hiyo, na mkono wa nyanya hauwezi kuishika. Ukanda unaweza.

Na joto je? Vipima joto vingine husoma Farenhaiti. 98.6 ya Farenhaiti ni nyuzi 37 za Selsiasi, joto la kawaida. Ukiona 100.4, hiyo ni nyuzi 38, na mtoto ana homa. Namba yoyote karibu na 100 isikutishe wala isikupumbaze. Uliza kwanza ni kipimo gani.

Mambo ya kukumbuka

1. Kijiko cha dawa ni mililita 5. Tumia kijiko, kikombe au bomba lililokuja na dawa. Kama halipo, liombe.
2. Ratili 2.2 ni kilo 1. Mtoto aliyezaliwa na ratili 5 na nusu ana kilo 2.5. Anayezaliwa chini ya hapo anahitaji uangalizi zaidi.
3. Lita 1 ni mililita 1,000. Nusu lita ni mililita 500.
4. Namba bila kipimo haitoshi. Sema "kilo 11", "mililita 5", "nyuzi 38".
5. Usione haya kuuliza mara ya pili.

Maswali ya kujadili katika kikundi chenu

Ni vyombo gani mnavyotumia kupimia dawa nyumbani? Je, pakiti ya ORS inayouzwa karibu nanyi ni ya maji kiasi gani? Mkikutana, kila mmoja alete kijiko chake. Jazeni maji, mlinganishe kwa bomba la dawa.

Mpendwa mama, nyanya zetu walikijua kibaba kwa mkono na hakuna aliyeweza kuwapunja. Nasi tuzijue mililita vivyo hivyo. Mimi nakutakia afya njema wewe na jamaa yako. Hadi mazungumzo yajayo, kwaheri.

(Muziki wa kufungia)