Pikipiki za kukodi Chake Chake
Pikipiki za kukodi Chake Chake ni pikipiki za watu binafsi zinazokodishwa kwa wageni au kukabidhiwa madereva wa bodaboda katika mji huo wa Mkoa wa Kusini Pemba, Tanzania.

Dereva asiye na chombo chake humpelekea mwenye pikipiki kiasi walichopatana, kinachoitwa hesabu. Kwa njia ya mkataba, pikipiki huwa mali ya dereva akimaliza kulipa. Ikiharibika kabla ya hapo, kipato hukatika na deni hubaki. Kwa hiyo mapatano hutaja pia nani atalipia matengenezo.

Pemba ina vilima vingi, na hewa ya bahari yenye chumvi huharakisha kutu. Kabla ya kukodi hukaguliwa breki, matairi, cheni, taa, oili ya injini na bima.