UZI: Barabara ya Loki na lile swali la "wananchi walishirikishwa?"

1/ Kila msimu wa siasa hii hoja hurudi. Upande mmoja: "Wananchi hawakuulizwa." Upande wa pili: "Mikutano ilifanyika, watu wakasaini, mnachelewesha maendeleo." Sitaji mtu wala chama. Nataka tuangalie Lokichoggio, maana Loki imepangiwa usafiri mara tatu.

2/ Mara ya kwanza ilikuwa kufungiwa. Sheria ya kikoloni ya 1902 iliipa serikali uwezo wa kufunga wilaya za pembeni, mgeni asiingie bila kibali. Turkana ilifungwa. Uhuru ukaja, sheria za aina hiyo zikabaki vitabuni hadi 1997. Ukisikia mtu wa Loki anayeenda Kitale akisema anaenda "Kenya", usicheke. Ana sababu.

3/ Mara ya pili ni ndege. 1989 Umoja wa Mataifa ulianza operesheni ya kupeleka chakula Sudan Kusini, Loki ikawa kituo chake upande wa Kenya. Kukawa na ndege mchana kutwa, maghala, hoteli, vibarua. Lakini uwanja ule ulipangwa kwa mahitaji ya ng'ambo ya mpaka.

4/ Januari 2005 amani ikatiwa saini Nairobi, mashirika yakaanza kuhamia Juba. Amani ni jambo jema, hakuna anayebisha. Ila ajira zilienda nayo. Usafiri ukipangwa kwa ajili ya mpita njia, siku akihama mwenyeji hubaki na vumbi.

5/ Mara ya tatu ni LAPSSET, iliyozinduliwa Lamu Machi 2012. 2015 Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 500 kwa Kenya, sehemu kubwa ikiwa ni barabara ya Lokichar hadi mpakani Nadapal, kupitia Lodwar, Kakuma na Loki. Tofauti safari hii? Katiba ya 2010. Kifungu cha 10 kinataja ushirikishwaji wa wananchi kati ya maadili ya kitaifa. Sio hisani tena.

6/ Na je, mkutano wowote unatosha? Mradi huohuo, upande wa Lamu: 2018 Mahakama Kuu ilisema mikutano iliyofanyika kuhusu bandari ilikuwa ya utangulizi na ya jumla mno. Wavuvi wapatao 4,600 wakaamuriwa kulipwa shilingi bilioni 1.76. Kwa hivyo karatasi ya mahudhurio sio ridhaa.

7/ "Lakini mchungaji anajua nini kuhusu uhandisi?" Anajua laga gani hufurika mvua ikinyesha milimani, hata kama hapo Loki ni jua kali. Anajua mifugo huvukia wapi kwenda maji. Usipomuuliza, utaweka kalavati mahali pasipo na maji, na ng'ombe watavuka mbele ya lori.

8/ Halafu kuna ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na kaunti kwa niaba ya wenyewe. Serikali ikiichukua, fidia inawekwa kwenye akaunti hadi jamii isajiliwe. Tafsiri rahisi: msiposajili, pesa yenu itawangoja mkizeeka.

9/ Kwa wanaosema kuuliza kunachelewesha: ni kweli, kunachukua muda. Kesi mahakamani huchukua muda zaidi, na bili ni ya mlipa kodi.

10/ Baraza lijalo ulizeni haya manne: Je, njia bado inaweza kubadilishwa, au mmekuja kututangazia tu? Nani ametafsiri Kiturkana? Vivuko vya mifugo viko wapi kwenye ramani? Majibu yetu yataandikwa wapi, na tutayasoma lini?

Akikosa jibu la la kwanza, hayo mengine ni chai na soda tu.