Kauli, Mate na Muda: Historia Fupi ya Kupima Programu za Simu za Kuacha Sigara

Tangu simu za mkononi zienee, watafiti wamejaribu kuzitumia kuwasaidia wavutaji kuacha sigara. Takwimu zilizopatikana mara nyingi hulinganishwa kana kwamba zilipimwa kwa mizani moja. Insha hii inadai kuwa historia ya majaribio haya ni, kwa sehemu kubwa, historia ya swali moja: tutajuaje kwamba mtu ameacha kweli?

Mojawapo ya majaribio makubwa ya mwanzo lilifanyika New Zealand, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2005. Wavutaji 1,705 waligawanywa kwa nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilitumiwa ujumbe mfupi wa kuwashauri, kuwatia moyo na kuwasahaulisha hamu ya sigara. Baada ya wiki sita, asilimia 28 ya kundi hilo walisema wameacha, ilhali katika kundi la ulinganishi walikuwa asilimia 13. Hata hivyo, ushahidi mkuu ulikuwa kauli ya mvutaji mwenyewe. Isitoshe, kufikia mwezi wa sita baadhi ya washiriki hawakupatikana tena, na tofauti kati ya makundi ikaingia mashaka.

Nchini Uingereza, Caroline Free na wenzake walijibu udhaifu huo kwa jaribio la txt2stop, lililochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2011. Washiriki walikuwa 5,800. Kundi la ulinganishi nalo lilipokea ujumbe, ila usiohusu kuacha sigara. Waliodai kuwa wameacha walipimwa mate ili kutafuta kotinini, kemikali inayotokana na nikotini iliyovunjwa mwilini. Baada ya miezi sita, walioacha kwa uthibitisho walikuwa asilimia 10.7, dhidi ya 4.9. Hata waliopotea walipohesabiwa kuwa bado wanavuta, uwiano ulibaki karibu ule ule: asilimia 9 kwa 4.

Msomaji wa haraka ataona 28 imeshuka hadi 10.7 na kudhani mbinu imedhoofika. La hasha. Kilichobadilika ni kipimo: muda ulirefushwa na kauli ikatakiwa kuthibitishwa. Namba ndogo ndiyo iliyokuwa na nguvu zaidi.

Zilipokuja simu janja, swali lilirudi kwa sura nyingine. Mwaka 2020, watafiti wa Marekani waliwagawa wavutaji 2,415 kati ya programu mbili, iCanQuit na QuitGuide. Baada ya miezi 12, asilimia 28.2 ya kundi la kwanza na 21.1 ya la pili walisema hawajavuta kwa siku 30. Muda wa ufuatiliaji ulikuwa mrefu, lakini kauli ya mvutaji ilitegemewa tena, na mlinganisho ulikuwa kati ya programu na programu.

Historia hii inatuhusu. Kenya iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2004 na Tanzania mwaka 2007. Kifungu chake cha 14 kinahimiza misaada ya kuacha tumbaku. Serikali ikiletewa programu yenye asilimia za kuvutia, iulize: waliulizwa baada ya muda gani? Nani alithibitisha? Walilinganishwa na nani? Na waliopotea njiani walihesabiwaje? Bila majibu hayo, fedha za umma zitanunua ahadi, na mvutaji atabaki na sigara yake.