Shoti

Peleka gari kwa fundi umeme, mwambie taa haziwaki, na mara nyingi jibu linakuja kabla boneti haijafunguliwa: “Ina shoti hii.” Neno limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Shoti hasa ni waya uliochunika ukagusa bodi: umeme unarudi kwenye betri bila kupitia taa, unapita kwa wingi ghafla, fyuzi inaungua. Kwa hiyo fyuzi ikiwa nzima, usihangaike na shoti. Tafuta waya uliokatika, swichi iliyokufa, au ethi (waya unaofungwa kwenye bodi kurudisha umeme) iliyoshika kutu. Ethi mbovu ndiyo yenye vituko: unawasha indiketa, taa ya breki nayo inapepesa.

Mtaani shoti pia ni kule kurushwa na umeme wa nyumbani. Betri ya volti 12 haikurushi ukiigusa kwa mkono mkavu, lakini spana ikilalia vichwa vyake viwili huiva kama kaa la moto.

Na fundi anayechomeka fyuzi ya kijani ya ampea 30 penye nyekundu ya 10 hajaondoa shoti. Kitakachoungua sasa ni waya wenyewe, huko nyuma ya dashibodi.